Vumbi la Juu ya Friji

Mgeni anayepiga simu akiwa Mwanza ni mgeni. Anayepiga akiwa Banana, na sisi tunakaa Kivule, huyo ni mkaguzi. Kutoka Banana hadi kwetu, bodaboda akiyajua mashimo vizuri, ni muda wa kuchemsha chai tu. Ndani ya muda huo mtu mzima mwenye akili zake timamu anatakiwa aamue kipi ndani ya nyumba yake kionekane na kipi kifichwe. Mimi uamuzi wangu ni mmoja siku zote: chumbani. Nguo zilizoanuliwa tangu juzi zikisubiri kukunjwa, chumbani. Madaftari ya watoto, chumbani. Kandambili zisizo na wenzake, chaja zilizokufa, ndoo ya deki na tambara lake, chumbani. Safari moja niliingiza hata sufuria iliyogandiwa na ugali, nikaisukuma chini ya kitanda, nikaisahau mpaka sisimizi walipokuja kunikumbusha.

Mgeni akiingia anakuta sebule inang'aa na mwenye nyumba anahema. "Karibu, karibu sana, utusamehe nyumba iko shaghalabaghala." Maneno hayo ni ya adabu tu, na mgeni mwenye malezi anajua jibu lake: "Aah, mbona pasafi!" Mambo yalikwenda hivyo kwa amani mpaka mwanetu wa mwisho alipoanza kuongea sentensi nzima nzima. Siku moja alikuja mjomba wa mama watoto, mzee wa watu, akaomba mahali pa kuswalia. Kabla sijafungua mdomo, mtoto akamjibu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Babu, chumbani usiingie! Baba katupa vitu vyote huko, hata kitanda hakionekani!"

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaswali barazani.

Sasa swali ninalojiuliza kila nikishika fagio ni hili: hivi usafi wa nyumba una uzito gani hasa, na nani kaupima? Nimeishi katikati ya wanazuoni wawili wa jambo hili, na hawajawahi kukubaliana.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi, mtu wa Pangani. Mwaka 1973, serikali ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, yeye alikuwa msichana. Watu walijikusanya kwenye vikundi kijijini, wakafungua redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana na kutoka kwenda kufanya walichosikia: kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Inakadiriwa waliojiunga na vikundi hivyo nchi nzima walifika milioni 2. Kampeni yenyewe ilikwisha zamani, lakini mama hakupewa taarifa.

Ukitaka kumwelewa mama, mwone akifagia uwanja. Anaamka kabla ya jua. Anachukua fagio lake la chelewa, fungu nene lililokazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, analigonga kwenye kiganja mara mbili tatu ili ncha zikae sawa. Kwanza ananyunyiza maji kwa mkono kutoka kwenye kopo ili vumbi lisipande. Halafu anainama, mkono mmoja mgongoni, anafagia akirudi kinyumenyume asikanyage alipokwisha kupita, nusu duara juu ya nusu duara, kutoka kizingitini hadi kwenye mnazi wa mpakani, na wala jirani haruhusiwi kukatiza mpaka chai iive. Uwanja ukishafagiwa hivyo unakuwa na habari zote. Nikiwa kijana nilichelewa kurudi kwenye ngoma, nikanyata, nikaingia ndani bila mlango kulia. Asubuhi mama akaniita nje, akanyoosha fagio kuelekea mchangani: "Hizi hapa kandambili, ya kushoto kisigino kimelika. Nani huyu alipita usiku?" Nilikuwa nimezivaa.

Siku hizi akija Dar kututembelea, hasemi neno. Anasalimiwa, anaitikia marahaba, anapokea maji, anakunywa. Kisha anapita karibu na friji, anapitisha kidole kule juu, anakitazama kidole, ananitazama mimi, anakwenda kukiosha. Angesema ningejitetea. Kwamba barabara yetu ni ya vumbi, kwamba malori ya mchanga yanapita hapa kutwa, kwamba ukifuta saa nne, saa sita vumbi limerudi na wenzake. Lakini utajiteteaje kwa mtu anayeosha kidole? Mama anaamini usafi ni nusu ya imani. Mimi humjibu, kimoyomoyo, kwamba nusu ile nyingine ninayo.

Isitoshe, ni yeye huyo huyo aliyetulea na mwiko wa kufagia usiku, kwamba ukifagia giza limeingia unaitoa riziki nje. Huu mwiko nimeushika kuliko mafundisho yake yote. Natoka kazini jioni, foleni ya Barabara ya Nyerere inanishika, nafika nyumbani saa mbili. Usiku huo! Nifagie nimfukuze Mungu na riziki zake? Hoja hii iliniweka vizuri kwa muda mrefu, hadi mama watoto alipoifikiria na kusema, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua: "Mwiko ni wa kufagia, baba watoto. Kudeki haujakataza."

Huyo ndiye mwanazuoni wa pili. Mke wangu ni muuguzi, na usafi wake ni wa wodini. "Sijawahi kupokea mgonjwa aliyeletwa na vumbi la juu ya friji," huwa anasema, "ukiacha wenye pumu, hao vumbi ni adui yao kweli. Ninaowapokea mimi ni wa matumbo." Na matumbo hayaji kwa kupitia makochi, anasema; yanakuja na mikono isiyooshwa, na nzi waliotua chooni kabla ya kutua mezani, na maji yaliyowekwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko ambayo kila mtoto anachota kwa kikombe chake. Anakumbuka vizuri mwaka 2015. Kipindupindu kilikuwa kimeingia, Rais Magufuli akafuta gwaride la Uhuru la Desemba 9, akasema siku hiyo nchi nzima ifanye usafi, naye mwenyewe akashika fagio. Mtaani kwetu tulijitokeza kwa wingi na makoleo. Tulizoa taka zote zilizoziba mtaro, tukazirundika vizuri kando ya mtaro, tukapiga picha, tukaenda kunywa soda. Mvua ilipokuja ikazirudisha zote mahali pake. Mama watoto alikuwa zamu siku hiyo, na hadithi hii huisikiliza bila kucheka.

Ukimsikiliza yeye kisha ukaitazama nyumba ya Mswahili wa kawaida, yangu ikiwemo, utaona jinsi nguvu zetu zinavyokwenda. Tuna kabati la vioo sebuleni lenye seti ya glasi tulizopewa harusini. Hakuna mdomo wa binadamu uliowahi kuzigusa. Lakini kila mwisho wa mwezi zinatolewa, zinaoshwa, zinafutwa kwa kitambaa kikavu, zinarudishwa. Makochi yana vitambaa vya kufuma, navyo vina wanga na vinapigwa pasi. Rimoti iko ndani ya nailoni. Vyombo visivyotumika vinaoshwa kwa zamu, na vilivyotumika usiku vinalala kwenye karo vikisubiri mende waje wamalizie.

Haya, tuseme tumekubaliana kipi kisafishwe. Nani asafishe?

Jibu la Dar es Salaam ni dada wa kazi. Tulikuwa naye, binti mchapakazi, na kosa la mchapakazi ni kwamba wenye nyumba huanza kuamini nyumba inajisafisha yenyewe. Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko, maana mama watoto ni mtu wa haki, na Shirika la Kazi Duniani nalo, kwenye Mkataba wake namba 189 wa mwaka 2011, linataka wafanyakazi wa majumbani wapewe walau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Saa 24 hizo zilitutosha sana. Jumatatu alfajiri alikuwa anafungua mlango wa jikoni, anasimama kidogo, anashusha pumzi, anajifunga kanga kiunoni. Aliondoka kwenda kufungua saluni yake, na anaendelea vizuri, tunashukuru. Wa kumpata baada yake hatukumpata, na mimi kwa kweli sioni ajabu.

Tukajaribu ratiba. Niliiandika mwenyewe kwa kalamu za rangi, majina upande mmoja na siku upande wa pili, nikaibandika kwenye friji. Watoto waliisoma kwa makini kuona nani amependelewa. Ilidumu pale ikishika vumbi.

Halafu akaja kukaa nasi shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, kijana wa chuo. Akapangiwa choo. Kijana msomi hakutaka kupoteza muda: alichukua jiki akamwaga, akachukua na ile dawa kali ya chooni ya tindikali akamwaga humo humo, kwa hesabu kwamba dawa mbili zitafanya kazi mara mbili. Tulimwona akitoka mbio na taulo, macho mekundu, akikohoa na kusema mle chooni kuna jini. Dada yake akampeleka nje kwenye upepo, akafungua madirisha yote ya nyumba, akakataza mtu yeyote kuusogelea mlango ule mpaka harufu iishe, kisha akatupa somo sote tukiwa tumesimama uani. Jiki ukiikutanisha na tindikali inatoa gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwafungulia adui zao vitani kule Ypres mwaka 1915. Ukiikutanisha na dawa zenye amonia, kama zile za kusafishia vioo, inatoa sumu nyingine. Jiki inatumika na maji peke yake, basi. Somo zuri, na wewe uliye na tabia ya kuchanganya lichukue. Ila tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumpangia tena shemeji choo, na mimi nikimwona amekaa barazani na simu yake, mapafu mazima, nashindwa kuamini kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Basi kazi ikanirudia mimi. Na mwanaume wa Kivule akishika deki barazani mchana kweupe, hadithi inabadilika kabisa. Jirani yangu fundi seremala alikuwa anapita na mbao zake begani, akaniona nimeinama na tambara, akasimama.

"Vipi jirani. Shemeji anaumwa?"

"Hapana, yuko kazini."

"Kasafiri?"

"Nimekwambia yuko kazini."

Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuipata hata msibani. "Pole," akasema, akaenda zake. Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka hadi kwa mangi dukani: yule bwana kalishwa limbwata. Mtu akiosha gari lake mchana kutwa ni mtunzaji. Akiosha sakafu anayotembelea wanawe, amerogwa. Kwa nyongeza, mama mmoja wa jirani alimvizia mke wangu kisimani, akamuuliza kwa sauti ya chini dawa kaitoa wapi. Mke wangu akamjibu, "Wodini. Inaitwa zamu ya usiku."

Wakati ule nikiwa nimeinama ndipo nilipokuwa nikimkumbuka Frances Gabe. Huyu alikuwa mama wa Marekani, wa mji wa Newberg katika jimbo la Oregon, aliyezichukia kazi za usafi kwa moyo wake wote, akaamua kujenga nyumba inayojiosha. Darini kwa kila chumba aliweka mtambo unaorusha maji ya sabuni, kisha maji ya kusuuza, kisha hewa ya kukausha. Sakafu aliziinamisha kidogo ili maji yakimbilie pembeni kwenye mifereji. Vyombo vilioshwa humo humo kabatini. Fanicha alizipaka kitu kisichopitisha maji, na yeye mwenyewe angeweza kusimama katikati ya chumba na mwavuli huku nyumba ikioga. Mwaka 1984 alipewa hataza ya uvumbuzi huo. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 101, jambo linalonipa mawazo kuhusu madhara ya kudeki.

Nyumba yangu nayo ilishajaribu. Masika moja misumari ya bati ililegea, na maji yakaanza kunyesha sebuleni yenyewe, bila kubonyeza kitufe, moja kwa moja juu ya vitambaa vya kufuma. Kilichokosekana ni sabuni. Na mwinamo, kwa sababu fundi aliyemwaga sakafu yetu aliiinamisha kweli, ila aliiinamisha kuelekea chumbani, na mnakumbuka chumbani huwa kuna nini.

Bi. Gabe pia hakuwa anaishi kwa mgao wa maji. Kwetu dumu la lita 20 lina maisha marefu kuliko simu ya mkononi. Maji yanayosuuza nguo mara ya mwisho hayamwagwi, yanadeki sebule. Yakishadeki sebule yanadeki baraza. Yakishadeki baraza, na hapo huwezi tena kuyaita maji, yanakwenda kumwagwa chooni. Ndiyo maana siku bomba likitoa, nyumba nzima inafuliwa, inadekiwa na kuogeshwa kwa pamoja, hata aliyeoga asubuhi anaoga tena, na siku bomba lisipotoa tunakaa kimya tukitazamana na karo.

Kilichomaliza ubishi nyumbani kwetu ni vikoba. Mama watoto yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaoweka akiba na kukopeshana, na mkutano unazunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika, nilijitolea. Nilisema sebule niachieni mimi. Nilifuta kabati la vioo ndani na nje. Nilipanda kwenye kiti nikafuta juu ya friji, na juu ya mlango, mahali ambapo hata mama hajawahi kufikisha kidole. Niliondoa utando wa buibui kwenye feni panga kwa panga. Vitambaa vya makochi vilisimama vyenyewe. Mke wangu aliporudi kutoka zamu akapita sebuleni, akasema "Hongera," hakukaa. Alichukua brashi, dumu na jiki, akaingia chooni, akajifungia humo. Nikasikia akisugua. Nilijisemea kimoyomoyo: huyu wageni kawaweka wapi, chooni?

Akina mama wakafika. Umeme ukakatika wakati huo huo. Feni ikasimama, sebule ikawa tanuri, na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye miwani, akasema, "Jamani tutoke nje chini ya mwembe." Wakatoka wote na viti. Hakuna aliyetazama glasi. Hakuna aliyeinua macho juu ya friji. Wakahesabu hisa zao, wakanywa juisi ya ukwaju, na kuanzia hapo mmoja baada ya mwingine wakaanza kuinuka na kuuliza, kwa ile sauti ya staha, "Mama, maliwato ni wapi?" Mmoja baada ya mwingine, mpaka mweka hazina. Na kila aliyerudi alikaa vizuri kwenye kiti chake, akaongezewa juisi, akakubali. Aliyekuwa wa mwisho alipita jikoni kunawa mikono, na nilimwona akiinamisha shingo kidogo kutazama karo.

Tangu siku hiyo sheria iko hivi, na mtungaji wake si mimi. Choo na jiko ni kila siku, umeme uwepo usiwepo, foleni iwepo isiwepo, na ndoo ya maji ya kunywa ina mfuniko na kata yake. Sebule ni Jumamosi, na watoto hawaangalii katuni kabla. Juu ya friji ni mama akija, naye siku hizi tumemzoesha apige simu basi likifika Chalinze. Chumbani hapajadiliwi. Anayetaka kumpa pole mwanaume anayedeki ampe ndoo ya maji, itamsaidia zaidi.

Na kuna kitu kimoja ambacho nyumba nyingi zimekisahau kwa sababu chenyewe ndicho kinachosafisha wenzake. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichukua sponji 14 za kuoshea vyombo zilizokwisha kutumika majumbani, wakazichunguza. Kwenye sehemu zilizojaa zaidi walikuta bakteria zaidi ya bilioni 50 katika sentimita moja ya ujazo, na sponji ambazo wenye nazo walisema huzisafisha mara kwa mara hazikuwa na nafuu. Ushauri wao ulikuwa kubadilisha kila wiki. Mke wangu aliposoma hayo alikwenda moja kwa moja kwenye karo letu na hakusema amekuta nini. Sponji mpya dukani haizidi bei ya soda. Nenda jikoni kwako sasa hivi uitazame ya kwako. Kama hukumbuki uliinunua lini, itupe.